Garrett Morgan na ule muda wa magari yote kusimama

Mjukuu wangu wa miaka saba hapa Maskati ana tabia ya kuuliza maswali makubwa pale mama yake anapokuwa kwenye usukani. Juzi tulikuwa tumesimama kwenye mataa, tunampeleka skuli, akataka kujua nani aliyezitengeneza zile taa, na kwa nini gari zote zinamtii mtu ambaye hayupo. Hilo la pili lilinichekesha, lakini nilipolifikiri nikaona mtoto ana haki. Hakuna askari, hakuna fimbo, na madereva wenye magari ya bei ya nyumba wanakaa kimya wanasubiri rangi ibadilike.

La kwanza nililijibu papo hapo, kama nilivyolijibu darasani karibu miaka thelathini. Nilimwambia ni Garrett Morgan, Mmarekani mweusi. Tulipomshusha, njiani kurudi nyumbani, nikahisi nimemdanganya kidogo. Maana tangu nistaafu nimepata wasaa wa kusoma vizuri, na nimegundua kwamba jibu langu lilikuwa na mambo mawili yaliyochanganyika. Basi nimeona niandike habari za huyu bwana kwa utulivu, kwa ajili ya mjukuu wangu na wa kwenu, na pia kwa sababu ya mwanafunzi wangu mmoja ambaye nitamfikia huko mbele.

Nilimjua Morgan kwa njia ya ajabu. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, nikaolewa Tanga, na huko nikafundisha kwenye sekondari ya wasichana ya misheni. Mwalimu Mwarabu mwenye buibui katikati ya masista, watu walikuwa wakishangaa, lakini tuliishi vizuri wallahi. Maktaba ya pale ilikuwa na majarida ya zamani yaliyoletwa kutoka ng'ambo, na katika moja nikakuta picha ya mwanamume mwenye masharubu, amevaa suti nzuri, na chini yake maelezo mafupi kuhusu maisha yake. Nilikuwa natafuta kisa cha kuwasomea wasichana wa kidato cha kwanza. Nikakipata.

Garrett Augustus Morgan alizaliwa tarehe 4 Machi 1877 katika kitongoji cha watu weusi nje kidogo ya mji wa Paris. Si Paris ya Ufaransa, ni mji mdogo wa jimbo la Kentucky, Marekani. Alikuwa wa saba katika watoto kumi na mmoja. Wazazi wake, Sydney na Elizabeth, walikuwa wametoka utumwani. Mama yake alikuwa binti wa mhubiri. Baba yake anatajwa kuwa mtoto wa John Hunt Morgan, jenerali wa upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliyezaa na mjakazi. Yaani jina la Morgan lenyewe lilitoka kwa bwana.

Hapa tusipite mbio. Sisi wenye asili ya Kiarabu tuliotoka Unguja, Pemba na Mrima tunapenda kusoma habari za utumwa wa Marekani kana kwamba ni mambo ya watu wa mbali. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897. Mwaka huo Morgan alikuwa kijana wa miaka 20, tayari ana kazi. Nyumba nyingi zetu zina bibi mzaa bibi ambaye jina lake halitajwi vizuri anapohesabiwa ukoo, na watoto wanapouliza hubadilishiwa maneno. Nasema hili kwa sababu mjukuu akinisikia nasimulia habari za Sydney Morgan ataniuliza na za kwetu, na nimeazimia kumjibu.

Kule Kentucky skuli ya watoto weusi ilikuwa ya msingi tu. Garrett alisoma kidogo, akafanya kazi shambani kwao, na alipofika miaka 14 akaondoka kwenda Cincinnati kutafuta maisha. Fikirini mtoto wa darasa la nane anafunga kifurushi chake na kuondoka. Akapata kazi za mkono kwa tajiri mmoja, kutengeneza hiki na kile. Na jambo lililonipendeza mimi kama mwalimu, tangu siku ile nilipolisoma hadi leo, ni kwamba kutoka katika ujira wake mdogo alitenga fedha za kumlipa mwalimu wa kumfundisha kusoma na kuandika vizuri zaidi. Hakuwa na mzazi karibu wa kumsukuma. Wasichana wangu walikuwa wakilalamika kuhusu masomo ya jioni, nami nilikuwa nawatajia hilo bila huruma.

Mwaka 1895 akahamia Cleveland, jimbo la Ohio, mji wa viwanda ulio kando ya ziwa Erie. Alianza kwa kufagia katika kiwanda cha nguo. Kiwandani kuna cherehani, na cherehani huharibika. Mkanda hukatika, sindano huvunjika, uzi hujifunga chini ya kitambaa hadi fundi anataka kulia. Marehemu mama yangu alikuwa akishona kanzu na magauni ya harusi nyumbani, najua ninachokisema. Morgan akawa anazitazama zile mashine, anazifungua, anazirekebisha, na muda si mrefu akajulikana mjini kwa kazi hiyo. Akabuni na vifaa vyake vya kuongeza kwenye cherehani. Mwaka 1907 alifungua duka lake mwenyewe la kuuza na kutengeneza cherehani. Mwaka uliofuata akamwoa Mary Hassek, mshonaji aliyetoka Bavaria, Ujerumani. Hiyo ilikuwa ndoa yake ya pili, ya kwanza haikudumu. Yeye mweusi, mke mzungu, Marekani ya 1908, hebu pimeni. Walidumu maisha yao yote wakapata watoto watatu wa kiume. Mwaka 1909 walikuwa na karakana ya ushonaji yenye wafanyakazi 32, inashona makoti, suti na magauni.

Utajiri wake wa kwanza ulitoka kwenye nywele. Alikuwa akitafuta dawa ya kulainisha sindano ya cherehani isiunguze kitambaa cha sufu kwa kasi yake. Inasimuliwa kwamba alifuta mikono yenye dawa ile kwenye kitambaa, na aliporudi akakuta manyoya ya kitambaa yamelala, yamenyooka. Akajaribu kwa mbwa wa jirani mwenye manyoya ya kujikunja, kisha kwa nywele zake mwenyewe, kisha akafungua kampuni mwaka 1913. Wasichana walikuwa wakicheka sana nikifika kwa yule mbwa. Mimi nawaachia mafundi wa saluni waseme yao kuhusu dawa za nywele.

Sasa twende kwenye moshi. Mwaka 1912 Morgan aliomba hataza, ile hati ya serikali inayompa mbunifu haki ya alichobuni, kwa kofia ya kujikinga na moshi. Akaipata mwaka 1914. Kofia yenyewe ilikuwa kama mfuko unaofunika kichwa kizima, na kutoka humo mrija mrefu unashuka mpaka karibu na ardhi. Kwa nini ardhi? Nyumba ikiungua, moshi na hewa ya moto hupanda juu, na hewa inayofaa kuvuta hubaki chini. Mwisho wa mrija aliweka sifongo iliyoloweshwa maji ili ichuje moshi na kupoza hewa. Ndiyo maana watoto hufundishwa kutambaa nyumba inapojaa moshi, wasisimame.

Kuiuza ikawa mtihani. Katika majimbo ya Kusini hakuna mkuu wa zimamoto ambaye angenunua kitu cha kuokoa roho kutoka kwa mtu mweusi. Basi Morgan akamwajiri mzungu ajifanye ndiye mwenye kampuni, na yeye mwenyewe akajifanya Mhindi Mwekundu, ati chifu, anayekuja tu kuonyesha. Hema linajazwa moshi mzito, chifu anavaa kofia anaingia, anakaa humo dakika nyingi, anatoka mzima. Watu wanapiga makofi, mzungu anaandika oda. Ni kichekesho, lakini mtu mzima mwenye akili zake kuficha uso ili kazi yake ikubalike si jambo la kuchekwa muda mrefu.

Usiku wa tarehe 24 Julai 1916 ndipo ile kofia ilipopimwa kweli. Cleveland ilikuwa ikichimba handaki chini ya ziwa Erie kwa ajili ya maji ya mji. Wachimbaji wakagonga gesi, ikalipuka. Waokoaji wa kwanza walioshuka walizidiwa na gesi, nao wengine wakafa humo humo. Ikawa hakuna anayethubutu tena. Mtu mmoja akakumbuka ile kofia, Morgan akaamshwa usiku, akaja mbio pamoja na ndugu yake Frank na kofia walizokuwa nazo nyumbani. Walio wengi pale walikuwa na shaka. Morgan akavaa akashuka, na Frank, na wengine wawili waliojitolea. Akatoka na mtu mgongoni. Wakashuka tena. Waliokolewa watu wawili wakiwa hai, na miili ya wenzao ikatolewa ikazikwe na watu wao. Waliokufa katika ajali ile walikuwa kama 20.

Kilichofuata kinauma. Magazeti ya mji yaliwataja waokoaji wengine, na nishani za heshima zikaenda kwa wengine. Morgan aliandika kwa meya kulalamika, na wananchi kadhaa wa Cleveland ndio waliochanga wakampa medali ya dhahabu. Na picha zake zilipotoka magazetini, idara za zimamoto za Kusini zilizokuwa zimeagiza kofia zikajua kumbe mwenye kofia ni mweusi. Baadhi zikafuta oda zao. Yaani bora kufa kwa moshi! Mwaka 1920 Morgan akaanzisha gazeti lake, Cleveland Call, ili habari za watu weusi ziandikwe na watu weusi. Baadaye gazeti hilo liliungana na jingine likawa Call and Post.

Haya, taa sasa.

Huyu bwana alikuwa na gari mapema sana. Inasemekana alikuwa mtu mweusi wa kwanza Cleveland kumiliki gari. Barabara za wakati ule zilikuwa fujo tupu: magari mapya, mikokoteni ya farasi, baiskeli, tramu, na watu wa miguu, kila mmoja anaamini njia ni yake. Wasimulizi wa maisha yake wanasema alishuhudia gari likigongana na mkokoteni wa farasi kwenye njia panda, na hakuweza kukiondoa kile kitendo akilini. Tarehe 20 Novemba 1923 alipewa hataza namba 1,475,024 kwa chombo cha kuongoza magari.

Na hapa ndipo nilipokuwa nawafundisha watoto makosa. Nilikuwa nasema Morgan aligundua taa za barabarani. Si kweli. Taa ya kwanza ilisimamishwa London Desemba 1868, karibu na Bunge lao, kwa ubunifu wa mhandisi wa reli aitwaye J. P. Knight. Ilikuwa na mikono inayopanda na kushuka mchana, na usiku taa nyekundu na kijani za gesi, na polisi ndiye aliyeigeuza. Januari 1869, hata miezi miwili haikutimia, gesi ikalipuka ikamjeruhi yule polisi, na watu wakaogopa kabisa. Halafu tarehe 5 Agosti 1914, kwenye mji ule ule wa Cleveland anakoishi Morgan, zikawekwa taa za umeme, nyekundu na kijani, kwenye njia panda ya Euclid. Na mwaka 1920 polisi wa Detroit, William Potts, akatengeneza taa za pande nne zenye rangi tatu, ile manjano ikiwemo. Yote hayo kabla ya hataza ya Morgan.

Chombo cha Morgan chenyewe hakikuwa mfano wa taa hizi tunazoziona. Kilikuwa nguzo yenye mikono, imekaa kama herufi T, na askari anazungusha mpini kuigeuza. Mikono ilikuwa na maneno ya kuambia watu wasimame au waende. Basi alifanya nini huyu Morgan hata tumkumbuke?

Alifikiria ile nafasi ya katikati. Kwenye ishara nyingi za zamani kulikuwa na mambo mawili tu, simama na nenda. Huku wakisimama, kule wanaondoka papo kwa papo. Aliyekuwa katikati ya njia panda, farasi wake hajamaliza kuvuka, au bibi aliye na kikapu, amekwisha. Nguzo ya Morgan ilikuwa na mkao wa tatu: mikono inainuliwa juu, na pande zote zinasimama. Zote. Njia panda inakuwa tupu kwa muda, walio katikati wanatoka, waenda kwa miguu wanavuka, ndipo upande mwingine unaruhusiwa. Na usiku, magari yakiwa machache na askari ameenda kulala, mikono iliachwa nusu ili dereva ajue apite kwa hadhari. Wengi wanaeleza kwamba aliiuza haki hiyo kwa kampuni ya General Electric kwa dola 40,000, fedha nyingi sana kwa miaka ile.

Leo mainjinia wa barabara wanapoweka sekunde chache ambazo nyekundu inawaka pande zote, wanafanya jambo lile lile. Dereva anayelalamika kwamba amesimama na hakuna anayepita mbele yake hajui kwamba hizo sekunde zina kazi.

Mwaka 1991, kabla sijaelewa lolote katika haya, nilimtuma msichana wa kidato cha pili akaninunulie kalamu nyekundu ng'ambo ya barabara. Skuli yetu ilikuwa kando ya barabara kuu, malori yanapita usiku na mchana, hakuna mataa wala zebra. Nilikuwa nasahihisha mitihani, kalamu imekwisha wino, mimi ndiye niliyemtuma. Msichana hakukimbia. Alifanya kila tulilomfundisha: alisimama ukingoni, akatazama kulia, akatazama kushoto, akasubiri. Basi moja likapunguza mwendo likasimama, dereva kwa wema wake akampungia mkono avuke. Akavuka. Nyuma ya basi kulikuwa na pikapu, na dereva wa pikapu aliona basi tu limesimama, hakuona mtoto, akalipita.

Alhamdulillahi hakufa. Mguu ulivunjika mahali pawili, akakaa hospitali miezi, akarudia darasa. Hadi leo anachechemea. Ameshakuwa mama wa watu wazima na tunasalimiana kwa simu kila Idi, na hata siku moja hakunilaumu, wala mama yake hakunilaumu, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi zaidi. Nilijiuliza miaka mingi nilimfundisha nini kisichotosha. Nilimfundisha kwamba gari likisimama, vuka. Sikumfundisha kwamba gari moja kusimama si sawa na magari yote kusimama. Nilipokuja kusoma habari za ile mikono ya Morgan inayoinuliwa juu, tayari mimi ni mstaafu, nimeketi sebuleni kwa binti yangu huku Maskati, nilifunga kitabu nikaenda kunawa uso.

Mwisho wa maisha ya Morgan nitausema kwa ufupi. Mwaka 1931 aligombea udiwani wa Cleveland akashindwa. Mwaka 1943 akapatwa na presha ya macho, ikamla macho hadi akabakiwa na mwanga kidogo tu. Hakuacha kubuni. Uzeeni alikuwa akihangaika na kidonge chenye maji cha kutiwa ndani ya sigara, ili mvutaji akisinzia sigara ijizime yenyewe isiunguze nyumba. Alikuwa akitazamia sherehe za Chicago za Agosti 1963, za kutimia miaka 100 tangu tangazo la Lincoln la kuwaacha huru watumwa. Hakuzifikia. Alifariki tarehe 27 Julai 1963, umri miaka 86, akazikwa Cleveland. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto mdogo Unguja, na sikumbuki kama niliwahi kuona taa ya barabarani. Miaka mingi baadaye mji wa Cleveland ukakipa jina lake kituo chake kimoja cha kusafisha maji, maji ya ziwa lile lile.

Sasa nirudi kwa wajukuu, maana julai inakuja na familia nyingi hapa Oman, Imarati na kwingine zinakata tiketi za kwenda Unguja, Pemba, Mombasa, Tanga. Na kuna jambo ambalo watu wazima tunalisahau kwa sababu sisi tumezoea kote. Huku Ghuba gari zinapita upande wa kulia. Kwetu zinapita kushoto. Mtoto aliyekulia Maskati akifika ukingoni mwa barabara, shingo yake yenyewe hugeuka kushoto kwanza, kwa sababu huku gari la karibu hutoka kushoto. Akifika Darajani, gari la karibu linatoka kulia, na bodaboda nayo inatoka popote inapotaka. Mimi yalinipata kwa kinyume. Wiki ya kwanza kufika hapa nilishuka ukingoni nimetazama kulia, kama nilivyotazama miaka hamsini, na binti yangu akanivuta buibui kwa nyuma. Gari lilipita nikasikia upepo wake usoni. Mwalimu mzima!

Watoto wa huku pia hawatembei sana, tuseme kweli. Kutoka nyumbani ni gari, skuli ni gari au basi, dukani ni gari. Taa wanaziona kupitia kioo, wamefungwa mkanda. Wanajua rangi zote tangu chekechea, watakuimbia nyekundu simama, kijani nenda. Lakini kijani ile ni ya mama anayeendesha. Ya mwenda kwa miguu ni ile nyingine ndogo yenye picha ya mtu, na kuna wakati ya gari ni kijani na ya mtu ni nyekundu. Nimemuuliza mjukuu wangu wa kiume, hakujua. Wa miaka kumi naye hakujua. Kule tunakokwenda sehemu nyingi hakuna hata hiyo picha ya mtu, na kwenye kiplefti ndiyo kabisa, gari zinazunguka na hakuna rangi yoyote ya kuimba.

Basi tumeanza mazoezi nyumbani. Nimebandika utepe mweupe sakafuni ukumbini, milia kama ya zebra. Mkubwa ni basi linalosimama. Mdogo wa kike ni pikapu inayotoka nyuma ya basi. Mvukaji haruhusiwi kupita mbele ya basi mpaka achungulie ukingo wake wa mbali na kuona kwamba na pikapu imesimama, magurudumu hayazunguki. Tunafanya mara tano upande wa Oman, kisha tunageuza basi upande wa pili tunafanya mara tano upande wa Unguja, kulia kwanza, kushoto, kulia tena. Mara mbili za mwanzo pikapu ilimgonga mvukaji, watoto wakacheka, mimi nikawaomba warudie.

Yule wa miaka saba hataki kuwa basi wala pikapu. Anataka kuwa nguzo. Anasimama katikati ya ukumbi, mikono juu, na jana babu yake alipopita na kikombe chake cha chai akidhani yeye hahusiki, alizuiwa pale pale mpaka chai ikapoa.